Mzee Telesphory Ntabaliba, Fundi Aliyeitetea Oili Nyepesi

Miaka thelathini na minne ni mingi kwa mtu kuinama juu ya injini za wengine. Mzee Telesphory Ntabaliba, fundi mkuu wa karakana ya Shirika la Tumaini la Mwambao hapa Bangwe, ataikamilisha Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, siku atakayostaafu rasmi. Aliingia getini kwetu mwaka 1991 akiwa na miaka ishirini na sita. Anatoka akiwa na sitini, mgongo wake umenyooka, na bado anasoma maandishi madogo ya kwenye filta bila kuomba msaada wa mtu.

Kamati ya sherehe imeniomba mimi, Marcelina, mtunza stoo wa karakana, niandike habari zake. Nimepokea kwa mikono miwili. Nina miezi miwili ya ndoa na kwa sasa kila kitu nakiona kinang'aa, hata beseni la oili chafu, kwa hiyo mnivumilie nikizidisha sukari. Mnaomjua Mzee mtakubali kwamba haihitaji sana.

Alizaliwa Ilagala, mtoto wa mvuvi, na ufundi aliuanzia kwenye injini za boti. Hapa alianza kwa kushika spana za wakubwa, na baada ya miaka saba wakubwa hao walikuwa wanamwita yeye gari likigoma. Mwaka mmoja wa mvua kubwa alikwama njia ya Ilagala, bomba la maji ya injini likiwa limepasuka. Alilifunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, akafika mjini. Tyubu hiyo ilikaa pale wiki tatu nzima kwa sababu gari lilitembea vizuri mno hata akaisahau.

Amefundisha mafundi kumi na mmoja. Wa mwisho ni Frida, mwanamke wa kwanza kushika spana katika karakana yetu, naye ndiye atakayekalia kiti cha Mzee. Kila asubuhi Mzee alipita kwenye mstari wa magari akigonga kila boneti kwa vidole na kulisalimia kwa Kiha, "Mwakeye!" Wageni walidhani ni mzaha. Sisi tuliacha kucheka siku tulipojikuta na sisi tunasalimia.

Lakini jambo litakaloandamana na jina lake ni oili.

Sisi watu wa Kigoma mafuta tunayajua kwa vidole. Mawese tunataka yawe mekundu na mazito, yagande kwa ubaridi wa asubuhi. Yakiwa mepesi tunasema yamechakachuliwa. Bila kujua, tukawa tunaipima na oili ya injini hivyo hivyo: unachovya, unasugua kati ya kidole gumba na cha shahada, ikiteleza nyepesi unakunja uso.

Januari mwaka jana Mzee alipendekeza magari yetu tisa madogo, akina Probox na IST yanayokwenda Mwandiga, Ujiji na kurudi, yatumie oili ya sintetiki ya bei nafuu badala ya ile ya jina kubwa inayouzwa mara mbili ya bei hiyo. Alikuwa ameisoma chupa neno kwa neno. Ilikuwa na namba ileile inayotajwa kwenye kitabu cha gari, 5W-30, na alama ya ubora ileile, na ilinunuliwa kwa wakala anayejulikana, siyo kando ya barabara ambako chupa huwa mpya na kilichomo ni cha zamani. "Gari la kwenda sokoni na kurudi halihitaji marashi ya bibi harusi," alisema kikaoni. "Linahitaji oili safi, ya namba yake, inayomwagwa kwa wakati."

Meneja wetu, Bi. Sia, aliyehamia kwetu kutoka Moshi, alikubali ijaribiwe kwenye gari moja tu, gari namba nne, kwa kilomita elfu thelathini, ikimwagwa na kujazwa mpya kila baada ya elfu tano. Aliweka sharti. Injini ikiharibika kabla ya hapo, hasara hiyo itaandikwa kwenye faili la Mzee, na ndiyo itakayokuwa ukurasa wake wa mwisho. Mtu mwingine angesema ngoja nistaafu salama. Mzee aliomba kalamu.

Mwaka wa kwanza ulipita kimya. Dereva wa namba nne alikuwa Castory, ambaye hakuiamini oili hiyo hata kidogo, lakini alitii. Januari mwaka huu Castory alipewa gari jingine, na namba nne ikaenda kwa Bariki, aliyekuwa dereva wa lori. Bariki ni huyuhuyu ambaye sasa ni mume wangu, kipenzi cha roho yangu, na amenipa ruhusa niandike yote.

Mtu aliyezoea oili ya lori alichomoa kijiti cha kupimia oili, akasugua vidole, akashtuka. "Hii oili au chai ya rangi?" Akachukua kidogo kwenye kichupa, akampelekea shangazi yake, Mama Veneranda, muuza mawese wa Mwandiga, ambaye hajawahi kudanganywa na mafuta. Mama Veneranda alinusa, akasugua, akatoa hukumu: "Mwanangu, mmeuziwa maji." Na gari hilo ndilo tulilokuwa tumeomba litubebe siku ya harusi yetu! Bariki hakulala. Alikuja stoo, akaomba lita mbili za oili nzito ya lori. Kazi yangu ni kuuliza ni ya gari gani. Siku hiyo alikuwa ameniletea migebuka miwili ya kukaanga, samaki wa ziwa letu, ndani ya gazeti, bado ya moto. Sikuuliza kitu. Akapunguza lita mbili za ile nyepesi, akajazia nzito.

Baada ya wiki chache namba nne ikaanza kuwaka kwa shida asubuhi, inagonga kama mtu anatwanga, na petroli inakwisha haraka. Castory alitamba kijiweni: "Nilisema mimi! Oili ya bei ya karanga, injini itapasuka kama karanga." Bi. Sia alimpa Mzee wiki moja alete sababu, vinginevyo jaribio lifungwe na faili liandikwe.

Mzee hakugombana na mtu. Alichukua kioo cha dirisha la gari bovu, akakifuta, akaweka tone la oili kutoka kila gari dogo kwenye mstari mmoja juu, na pembeni tone jipya la ile ya bei nafuu kutoka kwenye chupa. Ijumaa saa nne, wakati wa chai, akatuita sote na Bi. Sia, akainamisha kioo polepole. Madereva walipiga kelele kama wako uwanjani. Matone ya oili ya jina kubwa yakateremka, na lile la bei nafuu likateremka nayo bega kwa bega. Tone la namba nne lilijivuta nyuma, limechoka, wenzake wameshafika chini.

Mzee alilitazama muda mrefu. "Huyu mgonjwa hajanyimwa chakula," akasema. "Kalishwa ugali na mtu anayempenda."

Watu wakacheka. Bariki hakucheka. Hakuna aliyemwona akijaza, na harusi ilikuwa imebaki wiki saba. Angeweza kunyamaza, na lawama yote ingemwangukia Mzee. Aliinua mkono. "Ni mimi, Mzee. Niliiona nyepesi, nikaihurumia injini." Siku ile ndipo nilipojua nimechagua mwanaume. Nikainua na wangu, nikasema aliyetoa oili bila kuuliza ni mimi.

Bi. Sia alikunja mikono. Kabla hajafungua kinywa, Mzee akamwambia, "Bi. Meneja, kosa liandike kwangu. Nilibadilisha oili, sikubadilisha fikra za watu." Halafu akatugeukia, akatueleza kwa utulivu kile alichoona alipaswa kutueleza mwaka mzima nyuma. Mawese kazi yake ni kukaa chunguni, oili ya injini kazi yake ni kukimbia. Ukiwasha gari asubuhi, nyepesi inawahi kufika juu, nzito inafika vyuma vimeshasuguana. Lori lina oili yake kwa sababu injini yake imetengenezwa hivyo. "Tusimvalishe mtoto viatu vya baba yake."

Bariki na mimi tulipewa onyo, na tulilistahili. Faili la Mzee halikuguswa, lakini Bi. Sia alisema wazi kwamba sharti liko palepale mpaka kilomita zitimie.

Namba nne ikamwagwa, ikajazwa upya. Jumamosi ya tarehe 26 Aprili ilinitoa kwetu Ilagala kwenda kanisani mjini, ziwa likimeta mkono wa kushoto, na aliyeendesha alikuwa Mzee mwenyewe, kavaa tai. Injini ilinguruma kwa upole kiasi kwamba nilisikia moyo wangu ukipiga. Jamani, ile furaha siwezi kuiandika ikaisha.

Ijumaa iliyopita kilomita zilitimia. Frida ndiye aliyefungua nati za kava la juu la injini. Mzee alisimama pembeni, mikono nyuma. Kava likanyanyuliwa. Hapakuwa na tope jeusi. Vyuma vilikuwa na rangi ya asali changa, vimelowa vizuri mpaka pembeni. Castory alitoa leso yake nyeupe, akapangusa ndani, akaitazama, akaitazama tena. "Mzee, nimeshindwa," akasema. "Kesho naleta la kwangu la nyumbani, limwagie hiyohiyo."

Bi. Sia alitia saini palepale juu ya boneti: kuanzia Julai magari madogo yote tisa yatatumia oili hiyo, na lori litabaki na yake. Kisha akafungua faili la Mzee na kuandika kwenye ukurasa wa mwisho kwamba fundi huyu alisema kweli, akaithibitisha, na akabeba lawama isiyo yake. Mzee alisoma mara mbili. Akavua kofia, akaomba maji ya kunywa.

Sasa anarudi Ilagala kwa mkewe, Mama Genoveva, na shamba lake la michikichi. Mzee wetu, asante kwa mikono yako, masikio yako na subira yako kwa vijana wanaopenda kupita kiasi. Mungu akupe afya, usingizi mtamu na wageni wasioleta magari mabovu. Pumzika kwa furaha, Mzee Telesphory. Unaondoka na jina safi kama ile injini, na sisi sote tuliiona ikifunguliwa.