Gome la Pande Zote

Ndani ya basi la kushuka Mombo nilifumba macho. Bibi wa umri wangu akifumba macho, watu hudhani na masikio yamelala.

Mbele yangu mama mmoja wa Irente alipakata furushi la magome ya ule mti wa mtoni unaotuliza maumivu. Mzee aliyekaa naye, ambaye hawakujuana, aliitikia shikamoo yake kisha akachungulia furushi. "Umechuna upande gani, mwanangu?"

"Pande zote, baba. Nimezunguka shina lote."

"Basi umeuua! Huchunwa jua linakotoka na linakozama, kwingine unaacha mti upone. Hukufundishwa?"

"Nilifundishwa. Lakini mama yangu yuko Magoma, saratani imeingia mifupani, hospitali wamemrudisha nyumbani. Akinywa maji ya magome haya anasinzia hata lisaa limoja. Ningeacha upande gani?"

"Na haya yakiisha?"

"Nitatafuta mti mwingine."

"Wapi? Kwetu ulibaki mmoja, nao ulichunwa hivyohivyo na mtu mwenye mama."

Hapo hata mimi, ninayechekesha watu mpaka matangani, nilifumbua jicho moja.

Basi lilikata kona tatu. Tulipokaribia Soni mzee akachukua fimbo yake. "Chemsha kidogo kidogo. Uwe unahesabu vipande."

"Nihesabu vipande, baba, au siku zake?"

Mzee akafungua mdomo. Basi likasimama, kondakta akamshika mkono, akamshusha.