Likizo ya Mhasibu

Kwenye treni, mwenye kiwanda cha mikate alimlalamikia mama aliyeketi mbele yake kwamba mhasibu wake ameacha kazi. "Miaka sita, dada, halafu ananiachia barua mezani!"

Mama akauliza, "Sheria ya likizo ya uzazi ilipobadilika, nani alikwambia?"

"Yeye."

"Na mikataba ya vibarua?"

"Yeye huyo huyo. Mimi na makaratasi wapi na wapi?"

Mimi, kiti cha pembeni, nilijifanya nasoma gazeti, ila ukurasa sikuugeuza.

"Na yeye mwenyewe, kaka, alienda likizo lini mara ya mwisho?"

Bwana mikate akakuna kichwa, kisha akatoa simu. "Ngoja nimuulize. Mambo hayo anayajua yeye."

Treni ikasimama kituoni kwangu. Nilishuka shingo upande, simu bado inaita.