Nafasi ya Sahihi ya Pili

Tarehe 30 Juni, Mama Nukta anastaafu rasmi baada ya miaka thelathini na minne katika karakana yetu ya kukagua na kusawazisha vyombo vya kupimia. Jina hilo tulimbandika sisi, kwani ole wako umpelekee hesabu uliyoiacha bila tarakimu zote baada ya nukta. Alikurudisha mezani, tena mbele za watu.

Alianza kama mfagiaji, akapanda hadi fundi mkuu. Katika miaka yote hiyo hakuna chombo kilichorudishwa na mteja kwa kosa lake. Kimoja kilirudishwa kwa kosa langu, na yeye ndiye aliyenikingia kifua.

Kwetu mashine haiguswi mpaka iwake nusu saa, ipate joto. Hiyo ndiyo ilikuwa baraza yetu: chai, umbea, habari za mabinti zake na za goti langu. Tangu aanze likizo ya kumalizia, miezi mitatu sasa, naiwasha mashine na kuikodolea macho peke yangu. Nusu saa imekuwa ndefu, jamani. Nina hamu naye, na sioni haya kusema.

Aliomba zawadi moja tu: ile oskiloskopu kuukuu inayochora mawimbi ya umeme kwenye kioo cha kijani, iliyokuwa ikingoja kutupwa. Ameisawazisha nyumbani, juu ya meza ya kulia, kwa vitu vya bei ya chini. Volti alizipata kwenye betri mpya. Saa mbovu ya ukutani ilimpa kile kijidude kinachohesabu sekunde. Mpini wa mswaki aliuchonga ukawa bisibisi, maana ya chuma huvuruga kipimo. Mume wake analalamika kwamba wiki mbili wamekula wakiwa wamepakata sahani.

Juzi nilikwenda kumsalimia. Ubavuni mwa mashine amebandika karatasi yetu ya ukaguzi. Kwa utaratibu wetu, aliyepima hutia sahihi, na mwenzake huhakiki na kutia ya pili. Nafasi ya pili ilikuwa tupu. Nikachomoa kalamu. Akanizuia: imewashwa sasa hivi tu, ningoje nusu saa. Akaenda kuinjika chai.

Muda ulipotimia, mashine ilisoma sawasawa hadi tarakimu ya mwisho. Nikadai sijaridhika, nitarudi Jumamosi kuhakiki tena. Mama Nukta, asiyemwachia mtu hata sehemu ya mia, hakunibishia.

Asante, dada yetu, kwa kutulea kikazi. Tunakuombea afya, furaha na miaka mingi. Jumamosi usiiwashe kabla sijafika.