Jiwe la Saba

Boma la Newala lilipojitengenezea bustani, mwaka wa hamsini na sita, lilijipatia na mabenchi manne. Matatu yaliwekwa ndani, yatazamane na mawaridi. La nne, lenye mguu mfupi, lilitupwa nje ya ua, na hilo ndilo wanaume watatu walilolifanya kijiwe. Hapo waliwatazama wafungwa wakipandisha maji kutoka bondeni, debe baada ya debe, ili maua ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, yanywe kabla ya watu. Asubuhi hii kulikuwa na jambo zito zaidi. Bibi Esha wa mtaa wa chini alikamatwa juzi ndani ya msitu mpya wa hifadhi, jembe mkononi, kichwani kikapu cha ming'oko, vile viazi vya porini vinavyoliwa ghala likikauka. Saa nne angesimama mbele ya Liwali. Akifungwa angepelekwa Lindi, na kwa kifua alichonacho, kifua ambacho hata hospitali ya Ndanda walikipima wakatikisa kichwa, hakuna aliyetarajia kumwona akirudi. Kwa hiyo wanaume wale walizungumza habari za chui.

Mwenye chui alikuwa Halfani, aitwaye Bama kwa sababu alipigana huko na hajamruhusu mtu asahau. Kando yake Mwalimu Cuthbert, msomaji wa kanisa, aliyewahi kuhudhuria sinodi moja na tangu hapo anaitwa Sinodi. Wa tatu Silvano Randa, seremala. Kahawa ilimiminwa kwa dele na Fakihi, mtu wa Lindi aliyehamia mwaka huu, ambaye maoni yake hayakuhitajika.

BAMA: Wanafuga chui mle. Kitu kinachowekewa hifadhi ni chenye meno. Kule Bama...

RANDA: Kule Bama ulikuta Wajapani.

BAMA: Ulikuwepo?

RANDA: Sikuwepo, lakini umetuhadithia mpaka na sisi tunastahili nishani.

SINODI: Tulieni. Mzungu anaingia mle kila Jumapili na memsahibu wake, darubini shingoni. Hawana mzigo. Hawana mgonjwa wanayemfuata. Hawatafuti mbuzi aliyepotea. Wanatembea tu, kisha wanarudi palepale walipoanzia. Mtu mwenye akili timamu anatembea hivyo?

RANDA: Wanatazama ndege.

SINODI: Ndege wa kwao wamekwisha? Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai.

BAMA: Methali hiyo imeingiaje hapa?

SINODI: Imeingia polepole.

RANDA: Mimi nimeuchonga ule ubao wa langoni, kwa hiyo msinifundishe. Mwenye cheti atembee. Asiye na cheti asikate, asichume, asichimbe. Asichimbe! Chini kuna nini? Zile karanga za Nachingwea zilipowashinda Wazungu, matrekta yalikwenda wapi? Yamezikwa mle. Serikali inaona haya.

BAMA: Matrekta yote yale?

RANDA: Haba na haba hujaza kibaba.

Sinodi alitazama nyuma, akashusha sauti.

SINODI: Ni mumiani. Wale hawatazami ndege, wanachagua watu. Damu ya mtu mnene inakwenda hospitali za Ulaya, ya mtu mwembamba inawekwa kwenye rangi ya malori.

BAMA: Basi wewe utapaka baiskeli.

Walicheka. Fakihi hakucheka.

FAKIHI: Na yule bibi alikamatwa sehemu gani hasa?

BAMA: Kahawa yako leo nyepesi, Fakihi.

Alipolisema hilo, mwanamke alikuwa ameshawafikia, miguu imejaa mchanga hadi magotini. Alikuwa Mwanasha, binti wa Bibi Esha.

– Shikamooni, baba zangu.

– Marahaba, Mama Safari, walijibu. Pole na mama.

– Nimeshapoa. Natoka kule mpakani. Siku ya baraza, Bwana Misitu alisema jiwe la saba la mpaka litasimama kwenye shina la msolo, ule mti ambao chini yake tunawamwagia marehemu wetu unga. Ng'ambo ya msolo hifadhi, upande huu wetu. Mama alilisikia, akachimba upande huu. Leo nimekwenda kulitazama jiwe. Halipo kwenye msolo. Liko hatua arobaini huku kwetu, katikati ya mashimo ya mama.

SINODI: Labda mvua, mwanangu.

– Mvua imebeba jiwe la saruji, Mwalimu, ikalisimamisha wima?

BAMA: Tembo hao. Tembo ana nguvu...

– Karani wa Liwali amenionea huruma. Anasema akitokea mmoja tu wa waliobeba mawe, aeleze jiwe hili lilikusudiwa wapi, mama anarudi nyumbani leo. Amenisomea na majina. Ni matatu.

Randa aliinamia kikombe chake kama mtu aliyeangusha kitu ndani.

Siku ile ya kubeba mawe, wanaume hao watatu walifika kwenye msolo jua likiwa la utosi. Penye shina kulikuwa na mawe na mizizi, na hakuna aliyetaka kuwachoma marehemu kwa mtaimbo. Bwana Misitu alikuwa amelala kwenye kivuli cha lori. Wakalibeba jiwe mpaka mahali mtaimbo ulipozama wenyewe, wakashukuru. Hawakujiuliza kwa nini udongo ulikuwa laini pale. Ulikuwa laini kwa sababu Bibi Esha, na mama yake kabla yake, walikuwa wameupindua tangu enzi za Mjerumani. Jioni watatu hao walitia vidole kwenye karatasi kwamba kila jiwe limesimama palipochorwa. Ambaye angesema vingine leo angepanda yeye lori la Lindi.

SINODI: Mwanangu, hifadhi hii ina mambo makubwa. Sisi hapa tulikuwa tukichambua ni ya nini...

– Mimi sitaki kujua ni ya nini.

SINODI: Wahenga walisema...

– Wahenga nimewaacha pale msoloni. Nani kati yenu anakuja nami?

Ndani ya ua mfungwa mmoja alimimina debe kwenye mawaridi. Maji yalisikika mpaka yalipokwisha. Mwanasha alimtazama wa kwanza, akamtazama wa pili, wa tatu, Mwalimu, akamtazama zaidi, kwa kuwa ndiye aliyembatizia mwanawe. Kengele ya baraza ikalia. Alifunga upya khanga kiunoni, akaondoka peke yake, haraka, bila kuaga.

Walikaa.

– Hata hivyo, alisema Bama, chui hawezi kuishi bila maji, na mle...

Randa alinyoosha kikombe.

– Imekwisha, alisema Fakihi.

– Dele linatoa mvuke, bwana.

Fakihi aliliinamisha dele mbele ya miguu yao. Kahawa ilitoka, nyeusi, moto, nyingi. Udongo wa pale ni laini. Ilizama mara moja.