Mama wa Mtoto Aliyeandikwa Bado

Marehemu mama yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi seremala na mkewe. Alisoma hadi darasa la saba. Mwaka 1969 aliajiriwa kufua na kupiga pasi mashuka ya hospitali, kazi aliyoifanya mpaka akastaafu. Nyumbani kwake hakuna aliyethubutu kutandika kitanda ovyo.

Alifunga ndoa na baba yetu, dereva wa lori, tarehe 2 Desemba 1972. Mwaka uliofuata alijifungua mtoto wa kiume, akataka kumpa jina la babu yake. Padri alikataa kumbatiza: hilo si jina la Kikristo, atafute la mtakatifu. Akatafuta. Lakini padri alitaka kwanza cheti cha kuzaliwa chenye jina hilo, na serikali ilikuwa imepiga marufuku majina ya kigeni; karani wa vizazi akalikataa la mtakatifu. Walimzungusha hivyo kwa miezi, mtoto mgongoni. Mara ya mwisho karani aliuliza bila kuinua kichwa, "Jina la mtoto?"

"Bado," mama akajibu.

Karani akaandika Bado, akagonga muhuri, akaita, "Anayefuata!"

Bado alifariki kwa homa ya uti wa mgongo akiwa na miezi minane. Kwa kuwa hakubatizwa, alizikwa nje ya uzio wa makaburi ya kanisa, bila padri. Kaburi alilichimba baba mwenyewe.

Mtaani mama akabaki Mama Bado. Majirani walimtania, "Mama Bado, chai tayari?" Naye alikuwa akijibu, "Bado!" na kucheka kabla yao. Sisi tuliozaliwa baadaye, tukapewa majina yasiyomuudhi padri wala karani, tulilionea aibu jina hilo. Dada yetu mkubwa alimshauri aende ofisini likafutwe. Mama alimkaripia: "Mkilifuta hilo, mwanangu atabaki na nini?"

Aliugua figo tangu Juni mwaka jana. Kanisa lilishamtengea nafasi ndani ya uzio, karibu na wazazi wake. Wiki moja kabla ya kufariki alimwita baba, akasema, "Nafasi hiyo mpeni mwingine. Mimi nilazeni kwa Bado." Alifariki tarehe 14 mwezi huu, alfajiri. Tumeumia sana, lakini hatukubishana naye. Ndiyo sababu tunamzika hapa nje.

Ameacha mume, watoto watatu na wajukuu saba. Mtoto wake wa kwanza, Bado, alimtangulia.

Wapumzike kwa amani, wote wawili.