Wati Sita na Balbu ya Chooni

Benchi la mbele ya kinyozi lina miguu mitatu na tofali moja, na ukitaka ukweli, tofali ndilo pekee linalofanya kazi hapo. Siku hiyo umeme ulikatika asubuhi, anga likiwa limefunga mawingu kwa siku ya tatu, na mashine ya kunyolea ikazimika katikati ya kichwa cha dereva wa basi. Upande wa kushoto ulikuwa umeng'aa kama sahani; upande wa kulia bado msitu. Kinyozi, ambaye mtaa mzima unamwita Panki kwa mtindo wa nywele uliomfanya maarufu kabla nywele zake mwenyewe hazijamkimbia, akamfunika dereva shuka shingoni, akamwambia, “Subiri kidogo tu, kaka, umeme utarudi sasa hivi,” akatoka nje kunywa kahawa. Hiyo “kidogo tu” ndiyo hadithi yenyewe.

Panki alitoka na boksi jembamba chini ya kwapa. Ndani yake mlikuwa na tableti aliyomnunulia dada yake, mkunga wa zahanati moja ya mbali. Mama yao alipofariki, dada ndiye aliyembeba mgongoni. Na shule ilipomshinda, dada huyo huyo ndiye aliyemnunulia mashine yake ya kwanza ya kunyolea. Sasa, kwa mara ya kwanza maishani, dada alikuwa ameomba yeye. “Niletee kitu kidogo cha kuandikia habari za wazazi ninaowazalisha hapa na kusoma masomo yangu. Kidogo, Panki. Usijitutumue.” Tableti ilikuwa iondoke jioni ile na basi la huyo huyo dereva mwenye nusu kichwa.

Kosa la Panki lilikuwa moja: aliwaonyesha watu wa benchi.

— Soma tena hapo, alisema Volti.

Huyu Volti ujanani alilinda lango la kituo cha umeme, na tangu hapo hakuna waya duniani asioujua kwa jina la baba yake.

— Prosesa, wati sita, akasoma Panki kwenye boksi.

— Sita?

— Sita.

— Balbu ya chooni kwangu ina wati tisa! Tisa, Panki! Na kazi yake ni kunionyesha ndala ziko wapi.

Shahidi alicheka mpaka kahawa ikamtokea puani. Anaitwa Shahidi kwa sababu hakuna jambo lililowahi kutokea popote ambalo ndugu yake mmoja hakuwepo.

— Kwa hiyo balbu ya choo chako ina akili kuliko tableti ya mkunga?

— Sijasema mimi. Hesabu ndiyo imesema.

— Ni za kuokoa umeme, alisema Panki, akikariri maneno ya muuzaji. Prosesa ndogo kwa makusudi. Ndizo zinazowekwa kwenye tableti za bei nafuu na vile vikompyuta vidogo kama mche wa sabuni.

— Kwa makusudi! Hata kilema cha mguu wangu ni cha kuokoa viatu, alisema Volti. Wahenga walisema ukiona vyaelea, ujue ni vyepesi.

— Walisema vimeundwa, alisema Bi Birika, mwenye kahawa, bila kuinua macho.

— Vimeundwa vyepesi, Bi Birika! Usinikate neno.

Inafaa ijulikane kwamba muda wote huo tableti ilikuwa mapajani mwa Volti. Ubao wa drafti wa kijiwe ulikwishaozeshwa na mvua, na Volti alipoona tableti ina drafti ndani, aliiomba “kuikagua.” Alikuwa anaikagua kwa mchezo wa tatu. Kila baada ya muda kioo kiliandika kwa herufi kubwa za rangi ya chungwa: UMESHINDWA. UCHEZE TENA? Naye akabonyeza ndiyo kwa dole gumba, akiangalia pembeni kama mtu anayefukuza nzi.

— Mnaona? akasema. Haijui kucheza. Inasogeza kete ovyo tu. Mtu mwenye akili zake hawezi kumshinda anayecheza ovyo.

— Mdogo wake shemeji yangu, akaanza Shahidi, na wote wakajua kahawa itapoa, alifanya kazi melini, akafika mpaka huko zinakotengenezwa. Prosesa zinapangwa mstari kama watoto wa shule, zinapigwa mtihani. Zilizofaulu zinabaki kwao wenyewe. Zilizofeli wanazipaka rangi, wanazipa jina la kutongozea, wanatuletea sisi.

— Na hii?

— Hii ilipata sita. Sita kwa mia! Si wameiandika hapo kwenye boksi? Angalau ni wakweli.

— Naona imekwama darasani na wewe, alisema Bi Birika.

Shahidi hakusikia. Alikwisha kuweka kiganja mgongoni mwa tableti, kama mganga anayepima homa, akatikisa kichwa kwa huzuni kubwa.

— Baridi. Baridi kama pua ya mbwa. Jamani, kompyuta yenye nguvu huchemka! Ile ya ofisi ya ardhi, karani alikuwa anapashia chapati juu yake. Kitu kisichochemka hakifikiri. Hata mimi nikifikiri natoka jasho.

— Ndiyo maana shati lako kavu siku zote, alisema Bi Birika.

— Na haina feni, akaongeza Volti. Sikilizeni. Kimya! Kitu kisichopumua tunakiitaje?

— Samaki hana feni, akasema Panki, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kushindwa.

— Samaki ana maji, Panki. Tusiingize dini hapa.

Hakuna aliyeelewa dini imeingilia wapi, lakini lilisemwa kwa uzito, na benchini uzito unatosha. Kioo kikaandika UMESHINDWA. Volti akabonyeza.

Panki alitoa simu ampigie dada yake, asikie kauli yake kabla mambo hayajaharibika. Ile sauti ya kike isiyochoka ikamwambia kwamba nambari anayopiga haipatikani. Ilikuwa vivyo hivyo jana, na juzi. Dada ana tabia hiyo, alijisemea, hapatikani, halafu siku moja anapiga mwenyewe, mchana wa jua kali, na neno lake la kwanza huwa lile lile: “Leo jua zuri, mdogo wangu!” Kisha anacheka, wanaongea mpaka sikio linauma.

— Mtandao unaogopa mawingu, alisema Volti. Mawimbi ya simu yakilowa yanakuwa mazito, yanaanguka njiani. Nimeyaona mwenyewe.

— Umeyaona mawimbi?

— Nimeona yalipoangukia.

Hapo ndipo Garantii alipovuka barabara. Yeye ndiye mwenye duka la vifaa la ng'ambo, na jina lake limetokana na garantii zake, ambazo huishia mlangoni. Alikuja amekumbatia kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumika, pande la chuma jeusi kama friji iliyokatwa katikati, akihema.

— Nimesikia mnaidharau bidhaa yangu, akasema. Na mna haki! Panki, nakuonea huruma. Rudisha hicho kitambaa cha kufutia miwani, uchukue hili jembe. Mkono kwa mkono, wala sitaki nyongeza. Feni tatu! Wati mia tatu! Likiwaka, mtaa mzima unajua kuna mtu anafanya kazi.

— Hilo sasa ndilo dume! akasema Shahidi, akalipapasa ubavuni. Washa tulisikie.

— Umeme ukirudi.

— Haya, umeme ukirudi, alisema Volti, akasogeza kete yake ya tableti, nayo ikaliwa.

Garantii akatafuta pa kulitua jembe. Akajaribu ncha ya benchi; tofali likalia kwa uchungu, watu watatu wakaruka na vikombe vyao. Ikabidi aendelee kulikumbatia, mishipa ya shingo imemsimama, akitabasamu kibiashara.

Panki aliwatazama wote. Alijua benchi lake. Hao ndio waliomshauri afuge bata ndani ya saluni. Lakini Volti akampiga pale penye donda.

— Sikiliza, mdogo wangu. Dada aliyekulea mgongoni. Dada aliyekufungulia kazi. Anaomba kitu mara moja maishani, unampelekea wati sita? Mkubwa akikwambia “kidogo,” anakupima. Anataka kuona moyo wako. Kidogo cha mkubwa ni kikubwa. Ndiyo maana wahenga wakasema haba na haba.

— Haba na haba nini? aliuliza Bi Birika.

— Basi tu. Haba na haba. Anaelewa.

Na kweli, Panki alielewa, vibaya. Alilisikia tena lile “usijitutumue.” Mtu mzima ana saluni yake, viti viwili na kioo cha ukuta mzima, na dada bado anamwona yule mtoto wa mgongoni asiye na uwezo. Usijitutumue! Damu ikampanda. Akainuka, akanyoosha mkono kuelekea mapaja ya Volti.

— Leta hicho. Garantii, tubadilishane.

— Ngoja nimalize huu, alisema Volti. Nimeibana.

Wakati huo huo pazia la saluni likafunguka. Akatoka dereva, shuka shingoni, nusu ya kichwa iking'aa na nusu imesimama, uso wa mtu aliyehesabu nzi wote wa chumba kile na kuwapa majina. Benchi zima likakumbuka kwamba yupo.

— Samahani wazee, akasema. Umeme unarudi lini?

Volti, ajuaye kila waya, akatazama kahawa yake. Shahidi hakuwa na shemeji huko. Garantii akabadilisha mkono wa kubebea.

— Sawa, alisema dereva. Na huo mzigo wa dada ndio upi? Nimeambiwa ni bahasha tu.

— Ulikuwa bahasha, akasema Panki. Sasa ni hili jembe.

Dereva alilizunguka jembe mikononi mwa Garantii, kama anavyolizunguka gurudumu analolitilia shaka.

— Nitalibeba. Nimebeba mbuzi, sembuse hili. Lakini likifika huko, linachomekwa wapi?

— Zahanatini.

— Zahanatini kuna umeme?

Tangu dada ahamishiwe kule, Panki hajawahi kukanyaga. Kila mwaka ni mwakani.

— Si wewe unayepita huko kila wiki! akamrudishia dereva, kwa hasira ya aliyekamatwa.

— Mimi nashusha mizigo barabarani, nageuza gari. Dada ni wako, bwana.

Lilisemwa bila ubaya wowote, ndiyo maana likauma. Panki akatoa simu, akapiga tena, kwa kukosa la kufanya zaidi kuliko kwa matumaini. Haipatikani. Akainua macho juu, kwenye yale mawingu ya siku tatu. Akayatazama kwa muda mrefu sana, mpaka Shahidi naye akatazama juu kuona kuna nini.

“Leo jua zuri, mdogo wangu.”

Miaka yote alidhani ni salamu. Dada mwenye moyo mkunjufu, anafurahia jua. Kumbe mwenzake alikuwa anamweleza, kwa lugha nyepesi kabisa, kwamba leo kidude cha umeme wa jua cha juu ya bati la zahanati kimelamba mwanga wa kutosha, taa ya wazazi ina uhakika, na kumebaki tone la kulisha simu ili amsikie mdogo wake. Na aliposema kidogo, hakuwa anampima wala kumhurumia. Alimaanisha kidogo.

— Volti, alisema Panki taratibu. Nipe.

— Nimekwambia nimeibana!

Wote wakainama kutazama. Volti alikuwa amebakiwa na kete moja, imesimama pembeni kama mwizi aliyezungukwa na kijiji. Panki akaichomoa tableti mikononi mwake, akaifuta alama za vidole kwa ncha ya koti, akaitia ndani ya boksi, boksi akalitia ndani ya bahasha.

— Peleka hii.

— Na jembe? akauliza Garantii.

— Litue popote litakapochomekwa.

Garantii akatazama kulia na kushoto, mtaa mzima ukiwa gizani mchana kweupe, akageuka kuelekea dukani kwake na jembe lake kifuani.

— Bado nasema ni ubongo wa kuku, alinung'unika Volti.

— Amekufunga mara ngapi huyo kuku? aliuliza Bi Birika.

— Sikuwa nahesabu! Na kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Fikirieni hilo.

Walijaribu kulifikiria. Ilishindikana.

Panki alimshika dereva bega, akamgeuza kuelekea pazia.

— Ingia ndani, kaka, nikumalizie usije ukatisha abiria. Nitatumia mkasi. Mkasi hauhitaji umeme.

Dereva akasimama pale mlangoni. Akajipapasa upande wa kushoto, akajipapasa upande wa kulia. Akamtazama Panki, akalitazama benchi, mmoja baada ya mwingine.

— Mkasi ulikuwepo tangu asubuhi?

Volti akainua kikombe, akakikuta kitupu. Akamnyooshea Bi Birika. Bi Birika akaliinamisha birika mpaka mwisho, likatoa tone moja na machicha.

— Imekwisha, akasema.

Wakashukuru Mungu, wakatawanyika.