Sista Wubalem na Mtoto wa Nyuma ya Kioo

Mwisho wa mwezi wa Sene, yaani mapema Julai, Sista Wubalem Kassaye anastaafu baada ya miaka thelathini na minne katika kituo chetu cha afya hapa Debre Berhan. Wenzangu wanachoma kahawa na kucheka. Mimi naandika haya roho ikiwa juu juu.

Sauti yake mnaijua. Akibisha hodi, mbwa ndio hutangulia kukimbia. Kazi aliyoipenda kuliko zote ni kuwatoa wachanga nje waote jua, kwa kuwa ngozi ikipigwa na jua mwili hujitengenezea vitamini D na mifupa hukaza. Maziwa ya mama peke yake hayatoshi. Lakini kwetu mtoto wa kike hufichwa ndani mpaka abatizwe siku ya themanini, kwa kuogopa kijicho.

Mwaka mmoja wa baridi kali alimbembeleza Bizunesh, mzazi mpya, amwoteshe bintiye jua. Emama Ayelech, mama mkwe wake, alikubali shingo upande. Mimi na Sista tuliporudi baada ya ubatizo, tulimkuta mtoto amekakamaa, macho yamegeuka, midomo ya buluu. Sijawahi kuogopa namna ile.

“Jua mlimpa?” Sista aliuliza huku akimnyakua.

“Kila asubuhi, Sista! Pale kwenye dirisha la nyuma, kioo tumekifunga. Upepo haumpati, wala jicho la mtu.”

“Emama wangu, kioo kinapitisha joto tu! Dawa yenyewe inabaki nje!”

Alikimbia naye kifuani hadi kituoni. Tulimtundikia dripu ya kalisiamu, madini ambayo mwili hauyapati vizuri bila vitamini D, tukasubiri mpaka mtoto akalia.

Waliporudi nyumbani, Emama Ayelech mwenyewe alitundika shuka nyeupe kuzunguka ua, juu akaacha wazi. “Haya, nani atamwona sasa? Mungu tu, na yeye hana kijicho.” Mji mzima ukaiga.

Mji mzima, isipokuwa wachache, na hao ndio wanaoninyima usingizi. Mvua kubwa zinaanza na milango inafungwa. Mtaa wa juu kuna kichanga cha kike. Jana nilibisha na matone ya vitamini mkononi, nikasikia mtu akisogeza komeo, asifungue.

Sista, asante kwa kila mtoto anayetembea wima mjini humu. Uzee wako uwe na afya, na wajukuu wakuchoshe kwa furaha. Ila sherehe ikiisha, kabla hujavua koti jeupe, twende wote tukabishe tena. Mimi hawanifungulii.